Mashine ya Tatu

Kwako dada mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima mbili, ya dada na ya mama, maana ulinibeba mgongoni kabla wewe mwenyewe hujamaliza kukua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji amerudi kazini kama ulivyosema. Wanao wanaendeleaje? Yule wa mwisho ameacha kula chaki? Na Bi Harusi wako hajambo? Najua utacheka kwamba naiulizia hali mashine ya kutoa kopi kana kwamba ni mtu, lakini ni wewe uliyeipa jina hilo siku ilipoteremshwa kwenye pikapu imefunikwa shuka jeupe, ukapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.

Sisi huku hatujambo, ukiacha uchovu. Bonge ameota magego manne na anaonja kila kitu. Juzi ameonja sabuni ya kipande, akanuna kama sisi ndio tuliomdanganya. Dada yake, Msemaji, hajabadilika. Mwalimu wake aliniita kuniambia kwamba mtoto ana akili nzuri, ila darasa lina watoto thelathini na yeye anajibu kwa niaba ya wote. Baba yao bado yuko kwenye malori. Anakuja kwa siku mbili, siku moja na nusu analala, na nusu iliyobaki anatafuta soksi. Simlaumu. Fedha yake ndiyo kodi ya chumba, na yangu ndiyo chakula.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ina haraka, na wewe una utani. Kila nikijaribu kukuambia neno zito unanichekesha, nami nikishacheka nashindwa kulisema. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya kukunjia vitabu, wenzangu wamekwenda kula, Bonge amelala kwenye boksi la karatasi chini ya meza, nami nakuandikia kwenye karatasi zilizoharibika upande mmoja. Upande wa nyuma usiusome, ni maswali ya hesabu ya watoto wa watu.

Nianze na jambo unalolijua juu juu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuambia juu juu. Ulijua kwamba duka langu la kopi lilikufa. Hukujua lilivyokufa. Ile shule ya jioni iliniagiza vitabu elfu tatu vya mazoezi. Nikachukua mkopo benki, nikachukua karatasi na wino kwa mzee wa karatasi kwa ahadi ya kulipa baadaye, nikachapa wiki tano mfululizo na tumbo la Bonge mbele yangu. Siku ya kupeleka vitabu nikakuta mlango wa shule una kufuli na mlinzi anauza madawati. Vitabu elfu tatu vyenye jina la shule isiyokuwepo, nani atavinunua? Muuza karanga wa pale njiani alinisaidia kuvipunguza kidogo kidogo, akifungia karanga zake. Mpaka leo kuna watu wanajua jedwali la saba kwa sababu ya karanga.

Benki haikungoja karanga ziishe. Wakanipeleka mahakamani, mali ikaandikwa, ikauzwa mnadani, na kilichobaki kikawa ni mimi na jina. Nilipotangazwa muflisi sikulia. Ilikuwa kama kutajiwa jina la ugonjwa uliokuuma siku nyingi. Nikapewa karatasi ya mambo nisiyoruhusiwa: kukopa bila kujitaja mimi ni nani, kufungua biashara, kuvuka mpaka bila ruhusa, kushika fedha za wengine. Kila mwezi napeleka kipande cha malipo yangu dirisha namba nne la ofisi ya ufilisi. Hukumu yenyewe ni miaka mitatu. Lakini lililoniuma kuliko yote lilikuwa dogo. Kila fomu inatakiwa nakala tatu, na mimi niliyekuwa na mashine zangu nikawa napanga foleni kwenye kibanda cha mtu kulipia kopi za ufilisi wangu mwenyewe. Na kopi zake zilikuwa zinatoka zimepinda. Nilimrekebishia trei yake bure, macho yangu yalikataa kuvumilia.

Katika ofisi ile kuna afisa ninayemwita Miwani, kwa sababu anazo mbili, moja ya kusomea faili na moja ya kukutazamia wewe. Si mtu mbaya. Mwezi juzi aliniambia kwamba mwenye mwenendo mzuri, akishapita nusu ya muda, anaweza kuomba kufunguliwa mapema. Pale dirishani ndivyo wanavyosema, kufunguliwa, kana kwamba sote tumekuja na kamba miguuni. Alisema yanatakiwa mambo matatu tu. Wadai wangu wasipinge, yeye mwenyewe aandike ripoti nzuri, nami niape kwamba mali yote niliyokuwa nayo niliitaja. Akaongeza kwamba kwangu haoni tatizo, sijawahi kuchelewa hata mwezi mmoja, na kama wote wangekuwa kama mimi yeye angekuwa analima bustani.

Dada, nilihitaji kufunguliwa kuliko ninavyoweza kueleza. Hapa chuoni mimi ni kibarua wa chumba cha uchapaji, nakunja na kushona vitabu, nalipwa kwa idadi. Msimamizi wetu anastaafu mwisho wa mwezi huu, na yeye ndiye aliyemwambia mkuu wa chuo kwamba anayefaa kushika nafasi yake ni mimi, kwa kuwa mimi nikisikia mashine inakohoa najua ni rola ipi. Ni mshahara wa mwezi, matibabu ya watoto, na ruhusa ya kumnyonyesha Bonge bila kumficha kwenye boksi. Tatizo ni kwamba msimamizi anashika stoo na fedha za karatasi, na muflisi haruhusiwi. Mkuu akanipa mpaka mwisho wa mwezi nimletee hati. Akasema bila hati hana la kufanya, na alivyolisema niliona kweli angependa awe nalo.

Basi nikaanza kuzunguka. Benki walijibu kwa barua ya mistari miwili kwamba hawana pingamizi. Nadhani hata hawanikumbuki. Akabaki mzee wa karatasi.

Kwake nilikuwa sijafika tangu mnada. Ukweli ni kwamba nikimwona barabarani nilikuwa navuka upande wa pili. Nilimkuta kwenye ghala lake, rimu zimepangwa mpaka darini, anapima moja kwenye kiganja kama mtu anayenunua kuku. Aliponiona hakunisalimu kwanza. Aliniuliza kama nimepotea njia, au zile barabara zote ninazovuka zimefungwa leo. Nikamwamkia, nikainamisha kichwa. Akasema mwaka na nusu, binti mzima, unamkwepa mtu kama vile yeye ndiye anayedaiwa! Halafu akaondoa rimu tatu kwenye kiti nikae, akamshika mguu Bonge niliyempakata, akauliza huyu ndiye aliyekuwa tumboni wakati ule, na nilipoitikia akamwambia Bonge kwamba wewe bwana mdogo una deni langu la wino. Tukacheka wote. Nilikuwa sijacheka na mtu mkubwa kwa siku nyingi.

Akaisoma fomu yote, neno kwa neno, kalamu mkononi. Halafu, kabla hajatia sahihi, akaniuliza taratibu jambo moja. Alisema yeye mnadani alikuwepo, alisimama nyuma, na aliona zinauzwa mashine mbili. Mashine zile mbili anazijua, zinatumia wino wa kopo jeusi. Lakini mimi kila mwezi nilikuwa nachukua kwake na kopo moja la bluu, tena alikuwa ananiagizia mimi peke yangu, hakuna mwingine mtaani aliyelihitaji. Akasema hatapinga chochote, nisiogope, sahihi ataitia. Fedha zile ameshazizika na kuzifanyia matanga. Ila yeye ni mzee, anapenda kujua tu, wakati anasimama pale nyuma ya watu, je, alikuwa anachekwa?

Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja. Nikamwambia iliungua. Nikasema umeme ulirudi kwa nguvu, ikaungua ndani, nikaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla mambo hayajaharibika. Dada, nilieleza mpaka harufu ya waya.

Akatikisa kichwa, akaniambia pole sana, mwanangu, mashine nzuri vile. Akanipa pole ya kweli kabisa, ya mtu anayezijua mashine. Akatia sahihi kwa herufi kubwa, halafu akanipa rimu iliyolowa pembe nimpelekee Msemaji zawadi, akachore. Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Haikuungua. Unaifuta vumbi kila asubuhi.

Naomba ukae kwanza, kama umesimama. Siku ile nilipokuletea nilikuwa nimeshajua kwamba nazama. Wakati unapiga vigelegele, barua ya kwanza ya benki ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuambia ni zawadi, kwa ada zote ulizonilipia, na maneno yale hayakuwa uongo mtupu, tangu zamani nilitaka kukupa kitu. Lakini siku nilizokuwa nacho sikukupa. Nilikupa siku nilipoona kinachukuliwa. Wiki chache baadaye niliandika orodha ya mali, nikaandika mashine mbili, wala sikukuambia. Mashine ile ilinunuliwa kwa fedha ya benki, na wino wake ulikuwa wa yule mzee. Niliigeuza nyumba yako kuwa mahali pa kufichia, nawe una mume na watoto na heshima yako mtaani, na hukujua. Mwezi uliopita uliponiambia kwenye simu kwamba Bi Harusi ndiye aliyelipa ada za watoto wote watatu na dawa za goti, nilijifanya mtandao umekatika. Haukukatika.

Baada ya kutoka kwa mzee nilikuwa na kila kitu. Benki tayari, mzee tayari, Miwani tayari. Jumatatu nikaenda kuapa. Msemaji nilikuwa naye kwa sababu shule ilikuwa imefungwa, akakaa kwenye benchi anachora kwenye zile karatasi za mzee. Miwani akanisomea kiapo kwa sauti, ndivyo utaratibu ulivyo, mtu asije akasema hakusoma. Alipofika pale pa kusema kwamba sikuficha mali, sikuiuza kwa siri, wala sikumpa ndugu, rafiki au jirani ili isichukuliwe, Msemaji akainua kichwa akatangaza kwamba mama yetu hana kitu, hata baiskeli hana, sote hatuna. Watu wa foleni wakacheka. Miwani naye akacheka, akanisogezea kalamu.

Nikamwambia asubiri kidogo. Halafu nikamwambia.

Akabadilisha miwani. Aliniuliza kama naelewa ninachofanya, maana nimekuja kufunguliwa na sasa najifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema naelewa. Akauliza mashine iko kwa nani, nikasema kwa dada yangu. Akauliza kama dada alijua. Nikasema hakujua. Akauliza tena kwa maneno mengine, na mara ya tatu kwa maneno mengine tena, na mara zote tatu nikasema hakujua. Ukiulizwa nawe sema hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo kweli. Aliandika kurasa nne, nikatia sahihi kila moja. Mwishoni aliniambia kwamba ombi langu limesimama, jaji ataamua kama niongezewe muda au nishitakiwe kwa kuficha, na kwamba wewe huna kosa lolote, lakini mashine lazima irudi, kwa sababu ilitoka kwangu wakati nilikuwa nimeshashindwa kulipa.

Utaniuliza kwa nini sikunyamaza, na kila mtu alishatia sahihi. Mzee yule angenitukana, ningeapa pale pale na roho yangu ingetulia. Lakini alinipa pole kwa kitu ambacho nilikuwa nimemwibia. Na jingine ni kwamba nimechoka, dada. Mwaka na nusu nina jambo moja ambalo lazima nikumbuke kutolisema. Nikiongea na wewe nakumbuka, nikiongea na mume wangu nakumbuka, nikijaza fomu nakumbuka. Mtu anaweza kuchoka kazi akapumzika. Hili halina kupumzika. Na binti yangu anajibu kwa niaba ya wote, kama nilivyokuambia. Sikutaka ajibu na kwa uongo wangu.

Najua kwamba kweli niliyoisema mimi, gharama yake unailipa wewe. Hilo silikwepi. Nimelipima siku tatu nzima kabla ya kwenda, na bado nikaenda.

Kwa mzee wa karatasi nilirudi siku hiyo hiyo. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Akaendelea kuhesabu rimu, alipofika ishirini na tatu akapotea hesabu, akaanza upya. Hakuniambia kaa wala hakuniambia ondoka. Nikaondoka. Mkuu wa chuo naye nimemwambia kwamba hati haitakuja. Nafasi amepewa mwenzangu wa zamu ya asubuhi, ambaye hajui hata kutoa karatasi iliyokwama bila kuichana. Nitamfundisha mimi, nani mwingine?

Sasa nisikilize kwa makini. Watakuja Alhamisi ya wiki ijayo, watu wawili, na barua yenye mhuri. Isome kwanza. Usiihamishe mashine kwa jirani, hata kwa siku moja, na mwambie shemeji asikusanye watu. Kabla hawajaigusa, bonyeza kile kitufe cha chini uandike namba ya kopi ilizotoa, na uwaandikishe wao pia. Kopo la wino lililomo ni lako, ulilinunua wewe, litoe, na karatasi zote ni zako. Dai stakabadhi, usikubali ahadi ya mdomo. Miwani alisema ukiwa na fedha unaweza kuinunua kwa bei watakayoipanga, lakini nisikupe matumaini ya bure, mashine ile hata ikichoka bado ni ghali. Nisingependa ukope. Hilo nakuambia kama fundi wa kukopa. Wala mimi sitakuahidi kitu, maana nikiahidi leo nitakuwa nakudanganya mara ya pili.

Nisalimie shemeji, na ukimsomea barua hii msomee yote, usiruke pale nilipokosea. Wasalimie wanao mmoja mmoja. Msemaji anawatumia michoro, nimeifunga humu. Yule mwenye miguu sita eti ni Bonge. Baba watoto anakuheshimu na anakusalimu, nimemwambia yote jana, akaenda kuosha vyombo, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Barua hii nimempa mshona vitabu mwenzangu anayekuja huko kesho. Mimi nitafika Jumatano, siku moja kabla yao, na watoto wote wawili. Nimeomba siku tatu bila malipo. Wakija wanikute nimesimama mlangoni pako, majirani waone anayenyooshewa kidole ni nani. Msamaha sitakuomba kwenye karatasi, huo nitakuja kuuomba jikoni, na kama huna wa kunipa nitaosha sufuria na kunyamaza. Ukiona huwezi kunitazama, nifungie mlango, nitakaa kwenye ngazi mpaka asubuhi yao. Lakini watoto wachukue ndani, watakuwa na njaa.

Ni mimi,
Mdogo wako